Majina ya Mivunjiko ya Mifupa: Msingi wa Dhana na Msingi wa Neno

1. Utangulizi

Mtu akianguka kutoka juu ya mnazi, au akigongwa na gari, jamaa zake hupokea habari kwa maneno machache: amevunjika mguu, au amevunjika mkono. Kwa mazungumzo ya nyumbani maneno hayo yatosha. Kwa tabibu hayatoshi, maana mfupa huvunjika kwa namna nyingi, na kila namna ina hatari zake, matibabu yake na muda wake wa kupona. Kwa sababu hiyo taaluma ya utabibu imejiwekea majina mengi ya mivunjiko, na majina hayo yamewafikia wasemaji wa Kiswahili, aghalabu kwa njia ya Kiingereza, katika vyuo vya wauguzi, katika mafunzo ya huduma ya kwanza, mahakamani, na kando ya kitanda cha mgonjwa.

Makala haya yakusudia kueleza aina kuu za mivunjiko ya mifupa pamoja na misingi iliyotumika kuzipa majina, kisha kuonyesha jinsi Kiswahili kinavyoweza kuzieleza kwa mali yake chenyewe. Hoja yenyewe ni moja: jina la mvunjiko halitafsiriki kwa kulitazama neno la kigeni peke yake, hapana budi kwanza kuutafuta msingi ambao jina hilo lilijengwa juu yake. Anayetafsiri neno akauacha msingi huenda akamfanya mgonjwa aliye hatarini aonekane kuwa ana maumivu madogo, na kosa la namna hiyo hulipwa na mgonjwa, si na mfasiri.

2. Kuvunjika katika lugha ya kila siku

Kiswahili hakitegemei kitenzi kimoja kueleza kuachana kwa sehemu za kitu kilichokuwa kizima. Kinavyo vingi, na kila kimoja huchagua kitu chake na namna yake. Mifano ifuatayo yatosha kulidhihirisha jambo hilo:

(1) Kikombe kimevunjika.
(2) Kamba imekatika.
(3) Nguo imeraruka.
(4) Ukuta umeatuka.
(5) Tawi limekwanyuka.
(6) Bati limebonyea.
(7) Mahindi yamesagika.

Katika (1) kitu kigumu kimepoteza uzima wake kwa ghafla. Katika (2) kitu kirefu kimetengana pande mbili. Katika (4) ufa umejitokeza, lakini ukuta ungali umesimama. Katika (5) tawi limeng'oka pamoja na kipande cha mti kilichokuwa kikilishikilia. Katika (6) umbo limeingia ndani pasipo kuachana, na katika (7) kitu kimekuwa chembechembe. Msemaji mzawa hasemi kwamba kamba imevunjika, wala kwamba kikombe kimeraruka. Uteuzi huu wa vitenzi ni ujuzi alio nao kila mtu tangu utotoni, ingawa hajapata kuufikiria.

Mfupa unapohusika, kitenzi kinachotawala ni vunjika, na matumizi yake yana mambo matatu yanayofaa kuangaliwa. Kwanza, kiambishi -ik- cha kauli ya kutendeka humwacha mtendaji nje ya maelezo. Anayesema kwamba Ali amevunjika mguu hajasema kama Ali alianguka au alipigwa. Anayesema kwamba Ali amevunjwa mguu amekwisha kudai kwamba yupo aliyemvunja. Pili, katika sentensi hiyo mwenye mwili ndiye kiima, na kiungo hufuata kitenzi: Ali ndiye aliyevunjika, na mguu ndipo mahali alipovunjikia. Tatu, mfupa wenyewe hautajwi. Kinachotajwa ni mguu, mkono au ubavu, nao mfupa hueleweka kuwa umo ndani yake.

Pamoja na vunjika kuna vitenzi jirani ambavyo hutumika kwa maumivu ya viungo: teguka, tenguka na shtuka. Hivi havihusu mfupa kuachana. Vyahusu maungio, ama kwa sababu mfupa umetoka mahali pake, ama kwa sababu kano zimevutwa kupita kiasi. Matumizi yake hutofautiana baina ya mahali na mahali, na mara nyingi mtu husema ameteguka kabla ya picha ya eksirei kuonyesha kwamba amevunjika. Hata hivyo, mpaka wa kimsingi kati ya kundi hili na kundi la vunjika wajulikana kwa wasemaji wote.

3. Desturi ya kale ya kuita mivunjiko

Kuziita aina za mivunjiko kwa kuzilinganisha na vitu ni desturi ya zamani sana. Miongoni mwa maandishi ya Kigiriki yanayohusishwa na jina la Hippocrates mna kitabu kizima juu ya mivunjiko. Paulus wa Aegina, tabibu aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 7, alikusanya majina yaliyokuwa yakitumiwa na matabibu waliomtangulia. Miongoni mwake mlikuwamo mvunjiko kama figili na mvunjiko kama unga. Figili ikivunjwa hukatika moja kwa moja, na uso wa mkato huwa laini; mfupa uliosagika huwa chembechembe kama unga uliotoka kinuni. Majina hayo yalitoka jikoni, na kila aliyeyasikia aliiona sura ya mfupa bila ya kuelezwa zaidi.

Katika Kiarabu, neno kasr ni mvunjiko wa mfupa na pia ni sehemu ya namba. Neno jabr, ambalo maana yake mojawapo ni kuunga mfupa uliovunjika, ndilo lililomo katika jina la kitabu cha hesabu cha al-Khwarizmi cha karne ya 9, na kutokana nalo lugha nyingi zimepata neno aljebra. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayefundishwa aljebra shuleni hutaja kazi ya muunga mifupa pasipo kujua.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake. Kitenzi ganga, kinachojulikana zaidi kwa maana ya kutibu, kina maana nyingine ya kufunga na kuunganisha kitu kilichovunjika, kama mpini au mguu. Gango ni kipande kinachoshikilia pande mbili pamoja, na banzi ni ubao mwembamba wa kukifunga kiungo kilichovunjika kisitikisike. Mganga, kwa asili ya neno hili, yu karibu na kazi ya kufunga na kuunga. Lugha yenye mizizi ya namna hiyo haiwezi kusemwa kwamba haikujua mivunjiko mpaka ilipoletewa.

4. Misingi ya majina ya kitaalamu

Majina yanayotumika leo katika hospitali hayakujengwa juu ya msingi mmoja. Mvunjiko mmoja waweza kupewa majina manne au matano kwa wakati mmoja, kila jina likijibu swali lake. Misingi mikuu ni hii ifuatayo.

4.1 Hali ya ngozi

Swali la kwanza, na ndilo lenye uzito kupita yote, ni kama mahali palipovunjika pameunganika na nje kwa njia ya jeraha. Jeraha likifika mfupani, vijidudu hupata njia ya kuingia. Hatari zake ni usaha ndani ya mfupa, pepopunda, na pengine kupotea kwa kiungo. Si lazima mfupa uonekane. Huenda ulichomoza ngozini kisha ukarudi ndani, ukaacha tundu dogo tu. Mwaka 1976 Gustilo na Anderson walitoa utaratibu wa kuipanga mivunjiko ya namna hii katika madaraja matatu: jeraha lisilofikia sentimita 1, jeraha linalozidi sentimita 1 lakini nyama haikuharibika sana, na jeraha lenye uharibifu mkubwa. Utaratibu huo, pamoja na nyongeza ulizofanyiwa baadaye, ungali ukitumika.

4.2 Mstari wa mvunjiko

Swali la pili ni jinsi mstari wa mvunjiko unavyopita. Ukiukata mfupa kwa upana wake, ni mvunjiko wa kukingama. Ukienda upande, ni mvunjiko wa mshazari. Ukiuzunguka mfupa kama uzi wa parafujo, ni mvunjiko wa msokoto. Mstari huu si pambo la maelezo, bali hueleza nguvu iliyouvunja mfupa. Mfupa uliopigwa kwa kishindo ubavuni huelekea kuvunjika kwa kukingama. Mfupa uliopotolewa, kama wa mchezaji ambaye mguu wake umenasa chini huku mwili ukigeuka, huvunjika kwa msokoto. Kwa hiyo jina la umbo hubeba ndani yake habari za chanzo.

4.3 Kadiri ya kuvunjika

Swali la tatu ni mfupa umevunjika kwa kiasi gani. Huenda umepata ufa tu, na pande zake hazikuachana. Huenda umeachana pande mbili, na pande hizo zikawa zimebaki mahali pake au zimehama. Huenda umekuwa vipande vitatu au zaidi. Kwa hali hii ya mwisho Kiswahili kina njia yake ya kisarufi, nayo ni kukariri shina. Kuvunjika ni jambo moja. Kuvunjikavunjika ni jambo jingine, na hakuna msikilizaji atakayehitaji kuelezwa kwamba vipande ni vingi.

Katika kundi hili umo mvunjiko wa watoto ambao Kiingereza kimeuita kwa mfano wa kijiti kibichi. Mfupa wa mtoto una ulaini kuliko wa mtu mzima. Ukipindwa, upande mmoja hupasuka na upande wa pili hupinda tu bila ya kuachana, kama lifanyavyo tawi bichi. Mfano huu wapokewa vizuri na Kiswahili, kwa kuwa fikira yenyewe imo katika methali ya samaki mkunje angali mbichi: kibichi hukunjika, kikavu huvunjika. Mvunjiko wa kijiti kibichi ni mojawapo ya majina machache yawezayo kutafsiriwa neno kwa neno pasipo hasara, kwa sababu msingi na neno vimekwenda pamoja.

4.4 Nguvu na chanzo

Swali la nne ni kilichousababisha mvunjiko. Kano ikivutwa kwa nguvu yaweza kunyofoa kipande cha mfupa ilichoshikamana nacho; huu ni mvunjiko wa kukwanyuka, na tawi la mfano wa (5) laueleza bila ya maneno mengi. Pingili ya uti wa mgongo, hasa ya mzee ambaye mifupa yake imepungua uzito, yaweza kukandamizwa ikabonyea kama bati la mfano wa (6). Pande mbili za mfupa zaweza kusukumwa hata moja ikachomeka ndani ya nyingine, na hapo ni mvunjiko wa kuchomekana.

Mfupa waweza pia kuvunjika bila ya pigo lolote kubwa, kwa kurudiwa mara nyingi na uzito mdogo. Mwaka 1855 Breithaupt, tabibu wa jeshi la Prussia, alieleza maumivu na uvimbe wa nyayo za askari waliotembea mwendo mrefu. Baadaye, eksirei ilipopatikana, ilidhihirika kwamba ilikuwa mivunjiko. Leo mvunjiko wa aina hii wajulikana sana miongoni mwa wakimbiaji wa masafa marefu. Mfasiri anayekutana na jina lake la Kiingereza huelekea kuandika mvunjiko wa mkazo, na msomaji wa isimu atafikiri juu ya silabi. Mvunjiko wa uchovu wafaa zaidi, maana ndivyo ilivyo: mfupa umechoka kabla haujapata nafasi ya kujirekebisha.

Mwisho kuna mfupa ulioharibiwa na maradhi, kama vile uvimbe wa saratani, ukavunjika kwa jambo dogo tu la kujigeuza kitandani. Kuuita mvunjiko wa maradhi hakutoshi, kwa sababu mtu aweza kudhani kuwa kila mvunjiko ni maradhi. Mvunjiko wa mfupa mgonjwa hulitia neno mahali pake: mgonjwa ni mfupa, kabla haujavunjika.

4.5 Watu na kazi zao

Mivunjiko mingine imeitwa kwa majina ya waliyoieleza. Abraham Colles wa Dublin alieleza mwaka 1814 mvunjiko wa mfupa wa kigasha karibu na kifundo cha mkono, miaka 81 kabla ya Röntgen kuvumbua eksirei. Huu ndio mvunjiko wa mtu aliyeanguka akajikinga kwa kiganja. Jina la Colles limekaa kote duniani, na hapana faida ya kulibadilisha. Lakini ni dhahiri kwamba halielezi lolote. Wakati mwingine jina la mtu hata hupotosha. Percivall Pott wa London, ambaye mvunjiko fulani wa kifundo cha mguu huitwa kwa jina lake, alivunjika mguu mwaka 1756 alipoanguka kutoka juu ya farasi, na wengi wamedhani kwamba alivunjika mvunjiko huo huo. Masimulizi ya ajali yake yaeleza jambo jingine: mfupa wa mguu uliochomoza nje ya ngozi.

Mingine imeitwa kwa kazi za watu. Mvunjiko wa dereva ni wa ncha ya mfupa wa kigasha upande wa kidole gumba. Uliitwa hivyo zamani za magari ya kupiga hendeli, maana hendeli ilirudi nyuma ghafla ikaupiga mkono wa aliyeizungusha. Dereva wa leo hapigi hendeli, na mwanafunzi anayelipokea jina hilo bila ya historia yake atatafuta uhusiano na usukani asiuone. Kinyume chake, mvunjiko ambao Kiingereza kimeuita kwa jina la rungu la askari wa doria waweza kupata jina la Kiswahili lililo bora kuliko la asili. Mtu anapoona rungu likimjia kichwani huinua mkono kujikinga, na pigo huangukia mfupa wa kigasha upande wa kidole cha mwisho. Mvunjiko wa kukinga rungu hulitaja pigo na pia humtaja aliyekuwa akijihami.

4.6 Tarakimu

Kwa kuona kwamba majina yamekuwa mengi na yanapingana, wataalamu wengine wameamua kutumia tarakimu. Salter na Harris walitoa mwaka 1963 orodha ya aina tano za mivunjiko inayopita katika gegedu la ukuaji la watoto. Jumuiya ya wapasuaji wa mifupa iliyoundwa Uswisi mwaka 1958 nayo ilikuza utaratibu ambao kila mfupa mrefu una namba yake na kila sehemu ya mfupa ina namba yake. Fupa la paja ni 3, sehemu ya katikati ni 2, na mvunjiko wa msokoto wenye pande mbili ni A1; kwa hiyo 32-A1 hueleweka Nairobi kama inavyoeleweka Zürich. Utaratibu huo hata umeweka mpaka wa digrii 30 baina ya mshazari na kukingama. Faida yake katika utafiti ni kubwa. Lakini muuguzi hawezi kumwambia mama wa mtoto kwamba mwanawe ana 32-A1, wala shahidi hawezi kuieleza mahakama kwa tarakimu. Kazi ya majina bado ipo.

5. Makosa mawili ya tafsiri

Kosa la kwanza lahusu msingi wa ngozi. Kwa muda mrefu Kiingereza kimetumia neno "simple" kwa mvunjiko usio na jeraha, na "compound" kwa mvunjiko wenye jeraha. Maneno hayo ni yale yale yanayotumika katika sarufi, na wanaisimu wa Kiswahili wamekwisha kuyapatia istilahi zinazojulikana: sentensi sahili na sentensi ambatano. Mfasiri akizichukua istilahi hizo akaunda mvunjiko sahili na mvunjiko ambatano, msomaji ataelewa kwamba wa kwanza ni wa kipande kimoja na wa pili ni wa vipande vingi vilivyoambatana. Akitafsiri kwa lugha nyepesi akasema mvunjiko wa kawaida au mvunjiko mdogo, kosa litazidi. Mfupa wa paja waweza kuvunjikavunjika, damu ikavujia ndani kwa wingi hata mgonjwa akawa katika hatari ya kufa, na kwa istilahi hiyo ya zamani ukaitwa "simple" kwa kuwa ngozi haikupasuka. Na kidole kilichovunjika pande mbili tu, chenye jeraha la nusu sentimita, kikaitwa "compound". Jambo limezidi kutatanika kwa kuwa utaratibu wa tarakimu uliotajwa hapo juu hutumia neno hilo hilo "simple" kwa mfupa ulioachana pande mbili, hata kama ngozi imepasuka.

Madhara yake hayaishii hospitalini. Sheria ya Kenya hutofautisha madhara ya mwili na madhara makubwa ya mwili, na adhabu zake zimeachana sana. Ripoti ya daktari huandikwa kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa mahakamani. Katiba ya mwaka 2010 imempa mshtakiwa haki ya kupata mkalimani bila ya malipo ikiwa haielewi lugha ya kesi. Mkalimani akitamka kwamba mlalamikaji alivunjika kidogo tu, mahali ambapo daktari alikusudia kusema kwamba ngozi haikupasuka, ushahidi umebadilika mdomoni mwake. Hakuna aliyesema uwongo, na bado haki imepungua.

Kosa la pili lahusu kadiri ya kuvunjika, nalo limezaliwa ndani ya Kiswahili chenyewe. Kwa mazoea ya wasemaji wengi, kuvunjika na kupata ufa ni mambo mawili yanayopingana. Mgonjwa huuliza kama mfupa umevunjika au umepata ufa tu, na akiambiwa ni ufa hushukuru kwamba hakuvunjika. Katika utabibu ufa wa mfupa ni mvunjiko, hata ukiwa mwembamba kama unywele. Unahitaji kutulizwa, na usipotulizwa pande zake zaweza kuhama, na mfupa ukaunga kombo au usiunge kabisa. Anayeambiwa kwamba ana ufa tu huona plasta ya wiki 6 kuwa ni mzigo usio na sababu, akaikata mwenyewe wiki ya tatu arudi shambani. Neno alilopewa lilikuwa la kweli, lakini halikumfikishia dhana. Ajabu ni kwamba methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta yaeleza hatari yenyewe barabara. Wasemaji wanaoitumia kwa ndoa na kwa serikali hawaitumii kwa mfupa.

6. Mahali pa mvunjiko

Vitenzi vya Kiswahili ni vingi, lakini majina ya kila siku ya viungo ni mapana. Mkono huanzia begani hata ncha za vidole, na eneo hilo lina mifupa 30. Mguu nao ni hivyo hivyo kuanzia nyonga. Anayesema kwamba amevunjika mkono hajasema ni upi kati ya mifupa hiyo.

Hata hivyo upana huo si umaskini. Mtulinga, kombe la bega, kiwiko, kigasha, kilimbili, nyonga, paja, pia ya goti, muundi na kifundo ni maneno yaliyomo katika lugha, ingawa mengine yameanza kusahauliwa na vijana wa mijini. Upungufu wa kweli upo pale ambapo mifupa miwili imelala sambamba, kama katika kigasha. Hapo yafaa kutaja upande: mfupa wa kigasha upande wa kidole gumba, na mfupa wa kigasha upande wa kidole cha mwisho. Maelezo haya ni marefu kidogo, lakini hayamwachi msikilizaji njiani. Istilahi za Kilatini zilizotoholewa zaweza kukaa pamoja nayo darasani.

7. Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, njia ifuatayo yaonekana kufaa. Nomino ya msingi iwe mvunjiko, wingi mivunjiko. Kuvunjika hutaja tukio na hakuhesabiki. Mvunjiko hutaja hali iliyobaki mfupani na huhesabika. Aidha, mvunjiko umetokana na vunjika, si vunja, na kwa hiyo haumtii mtendaji ambaye daktari hakumwona.

Baada ya nomino hiyo zifuate sifa zake kwa kiunganishi cha -a na kitenzi kinachofaa: mvunjiko wa kukingama, wa kukwanyuka, wa kubonyea, wa kuchomekana, wa kuvunjikavunjika. Muundo huu hulitaja kundi kwanza, kisha hutaja tofauti. Faida yake huonekana hasa katika ufa. Mgonjwa akiambiwa kwamba ana mvunjiko wa ufa, neno la kwanza limekwisha kumwambia kwamba amevunjika, na neno la pili limemwambia ni kwa kiasi gani. Hawezi tena kulichukua moja akaliacha jingine.

Kuhusu hali ya ngozi, wapo watakaopendelea mvunjiko wazi na mvunjiko funge, kwa kufuata mfano wa silabi wazi na silabi funge. Pendekezo hilo lina mantiki, na kwa wanafunzi wa utabibu laweza kutumika. Lakini neno wazi lina pia maana ya dhahiri, na mgonjwa aweza kuelewa kwamba mvunjiko wake ni ule unaoonekana bila ya shaka. Penye hatari kubwa namna hii lugha iliyo salama ni bora kuliko lugha iliyo fupi: mvunjiko wenye jeraha, na mvunjiko usio na jeraha.

8. Hitimisho

Aina za mivunjiko ya mifupa zimeitwa kwa kufuata ngozi, mstari, kadiri, chanzo, watu na tarakimu. Misingi hii huchanganyikana katika jina moja, na lugha ya asili ya jina mara nyingine huuficha msingi wake. Ndiyo maana kazi ya kuunda istilahi za uwanja huu haiwezi kuachiwa tabibu peke yake, ambaye anaijua dhana lakini amezoea kuitaja kwa Kiingereza. Wala mwanaisimu peke yake, ambaye anavijua vitenzi lakini hajapata kuiona picha ya mfupa. Yafaa wakae meza moja, na baada ya kuafikiana wayapeleke maneno yao kwa mgonjwa na kwa mkalimani wa mahakama, wawaulize wameelewa nini. Jibu la hao wawili ndilo litakaloonyesha ni istilahi zipi za kuingizwa kamusini na zipi za kurudiwa.